Kobe Mzima Ni Mwoga

Kobe mzima ni mwoga. Ukimkaribia anaingia ndani, ukipiga mguu chini anaingia ndani, ukikohoa tu tayari hana kichwa. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema kinyume, na kinyume hicho kilikaribia kunifanya mjane.

Ilikuwa miaka ya uasi, Beni na Butembo zikiwa mikononi mwa watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Mimi nilikuwa natibu mifugo. Kazi nilijifunza kwenye shamba la misioni yetu ya Waprotestanti, halafu nikafungua kibanda cha dawa karibu na soko la Butembo: dawa ya minyoo ya mbuzi, sindano za nguruwe, na mdomo wangu juu yake. Watu wa Vuhovi waliposhuka na mbuzi mgonjwa walijua kwamba kabla ya dawa watagombezwa. Mbuzi amelala siku nne, wewe unamtazama tu kama picha ukutani, sasa unamleta akufie kwangu? Hivyo ndivyo nilivyo, na mamamkwe wangu alishachoka kuniombea.

Bwana yangu alikuwa shofere. Aliendesha kamionete ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni, akiteremsha viazi na maharagi, akipandisha mafuta ya mawese. Siku moja kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari walitaka awabebee masanduku yao. Aliwaambia ukweli, kwamba gurudumu la nyuma limekwisha. Wakasema huyu ni mtu wa maimai, wale wapiganaji wa msituni, anakataa kazi ya jeshi. Gari wakalichukua, yeye wakamfunga Beni.

Mfungwa wa wakati ule alilishwa na watu wake. Mara ya kwanza nilipeleka sufuria ya bugali na sombe, majani ya muhogo, ikarudi tupu, na vitunguu vimesukumwa pembeni. Nilifurahi kama mjinga pale mlangoni, maana bwana yangu hali vitunguu. Basi ni yeye aliyekula, si askari. Mara ya pili sufuria ilirudi vilevile ilivyokwenda, imejaa, mfuniko haujaguswa. Mlinzi akanitazama miguu, hakunitazama uso.

"Mama, usirudilie tena kuleta."

"Ju ya nini? Iko mugonjwa? Amekufa?"

"Nimesema usirudilie."

Nikarudi Butembo na chakula kilichopoa magotini, na kwa wiki mbili sikujua kama mimi ni mke wa mtu au la. Sikulia. Nilipigana na kila aliyekuja dukani.

Mwezi wa saba, baridi ya Butembo ile inayouma masikio asubuhi, askari wawili walisimama mbele ya kibanda changu. Mmoja akasema, "Weye njo dokta ya bambuzi? Komanda anakuita." Nilimjua komanda huyo: alikuwa Beni, na wiki chache nyuma alihamishiwa Butembo. Watu waliofungwa Beni walifungwa kwa neno lake. Nikasema moyoni, ndiyo hii, wameniita kunipa habari.

Walinipeleka kwenye nyumba kubwa ya matofali juu ya kilima, nyumba ya tajiri aliyekimbia. Ndani hakukuwa na zulia wala mkeka, simenti tupu inayong'aa. Komanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, koti la jeshi mabegani, na pembeni yake amesimama mpishi wake, mzee wa Mutwanga. Chini, katikati ya simenti, alilala kobe mkubwa kama beseni la kuogeshea mtoto. Shingo nje yote. Macho nusu.

"Ona koba yangu," komanda akasema. Kobe alimwita koba, kama wasemaji wa Kilingala. "Siku ine haitembee, haikule. Kuko mutu ameilisha sumu." Akamtazama mpishi. "Uniambie: iko muzima ao imekufa? Kama imekufa, nitajua kazi yangu."

Kumbe sikuitwa kwa habari ya bwana yangu. Niliitwa kwa kobe! Hasira na nafuu vilinipanda pamoja.

Mpishi akasimulia, maana komanda alimwamuru asimulie. Kobe huyo walimpata bondeni, chini huko kwenye joto nyuma ya Mutwanga. Mwanzoni aliingia ndani kila mara. Komanda akaanza kumfundisha. Alimpigia buti chini, akafyatua risasi karibu naye, akamnywesha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ili apate moyo. Kule Beni, kobe alizidi kujificha. Lakini tangu wapande Butembo, ajabu, aliacha! Ukimpigia buti, kichwa kinabaki nje. Ukifyatua, kichwa kinabaki nje. Askari wakashangilia, koba imeshinda woga. Wote waliotumwa kupigana walimgusa kwanza gamba, wapate ushujaa wake.

Nilipiga magoti. Niliomba unyasi, mpishi akanichomolea mmoja kwenye ufagio. Niwaeleze ninavyofanya, maana watu hudhani ni uchawi. Kwanza unagusa pembe ya jicho kwa unyasi, polepole. Mzima anafumba hata kabla hujafika. Huyu hakufumba. Halafu unainua mguu wa mbele na kuuvuta kidogo. Mzima anakunyang'anya mguu wake, na ana nguvu, atakukwaruza. Huyu mguu ulining'inia kama kitambaa kilicholowa. Halafu unabana ngozi kati ya kucha za mguu wa nyuma. Hakuna. Nilisikia pumzi ya mpishi ikipita puani mwake. Ikabaki mkia. Ukigusa chini ya mkia, kobe hata akiwa mbali namna gani, kama bado yuko, hapo panakaza.

Niligusa. Nikasubiri. Nikahesabu moyoni moja mpaka kumi, hakuna. Mpishi alifumba macho yeye. Nikagusa tena, na pale, kidogo sana, kama mtoto aliyelala anavyokunja kidole, mkia ukakaza.

"Iko muzima," nikasema.

"Ni sumu?"

"Hapana sumu. Ni baridi. Nyama hii haina moto ndani yake kama siye, moto inatoka kwa jua. Mumeilalisha juu ya simenti ya Butembo mwezi wa saba. Tena mukaipatia kasiksi! Nani anapatia koba kasiksi?"

Askari mmoja alikohoa. Mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa umeshafunguka, kwa hiyo niliuacha uendelee kabla woga haujanifika. Nikamwambia komanda kwamba naweza kumponya kwa siku tatu jikoni kwangu, na kwamba bwana yangu yuko Beni kwenye cachot, mahabusu yake, shofere wa kamionete, mtu asiye na kosa lolote ila gurudumu bovu.

Alinitazama. Simwiti mtu mbaya wala mzuri, namwita mtu aliyekuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Siku tatu," akasema. "Uilete hapa. Itembee mbele ya baaskari yangu, nipige buti chini, na isifiche kichwa. Sawa vile ilikuwa. Nitakupa bwana yako."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, komanda, ile isiyoficha kichwa ndiyo inayokufa. Mimi nisiyenyamaza mbele ya mchungaji, mbele ya mamamkwe, siku ile nilinyamaza. Nilisikia tu "nitakupa bwana yako," maana yake bwana yangu yu hai, na masikio yalifunga hapo. Nikaitikia, "Ndiyo, afande."

Mpishi alitumwa aje nami kumlinda kobe. Tulimbeba kwenye gunia, yeye huku, mimi huku, na mamamkwe alipotuona tunaingia nalo jikoni akamwita Mungu kwa lugha yetu, "Ee Nyamuhanga, sasa analeta na hii!" Lakini alipojua ni kwa ajili ya mwanawe, ni yeye aliyechemsha maji.

Maji ya kobe ni kama maji ya mtoto mchanga. Unaingiza kiwiko, kama kiwiko hakisemi kitu, ndiyo sawa. Tulimweka kwenye beseni, maji mpaka chini ya kidevu, mkono wangu ukishika kichwa asizame. Halafu gunia kavu, karibu na mbabula, jiko la makaa, lakini si karibu sana, maana ukimchoma haraka moyo unasimama. Mchana nilimtoa kwenye jua nyuma ya nyumba. Kila saa nilirudia vilevile: jicho, mguu, kucha, mkia. Siku ya kwanza, mkia tu. Siku ya pili asubuhi, kucha zilijibu. Mchana wake jicho likafumba, kwa kuchelewa, lakini likafumba. Jioni nilipovuta mguu akauvuta kwake, akanikwaruza mkono damu ikatoka, nikasema wasingya, asante, baba, kwaruza tena.

Siku ya tatu asubuhi mfuniko wa sufuria ulimponyoka mamamkwe ukaanguka. Kobe akaingia ndani. Fyu! Kichwa, miguu, vyote. Niliruka kwa furaha jikoni, nikamkumbatia mama wa watu. Halafu nikamwona mpishi. Amekaa kwenye kigoda, mikono kichwani.

"Mama," akasema, "umeponyesha. Sasa tumekufa."

Furaha ilinitoka yote kwa mara moja. Komanda atapiga buti, kobe atajificha, na bwana yangu atabaki kule.

Mpishi alikuja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Umuache kidogo na baridi. Umuweke chini kwenye simenti ya veranda sasa hivi, kwa muda wa saa mbili hivi. Atatembea kidogo, hatakuwa na nguvu ya kuficha. Komanda atafurahi, utapata bwana yako. Kisha koba ikufe kesho, makosa itakuwa yangu, miye niko muzee."

Nisiseme uongo: nilimweka. Nilimbeba mwenyewe mpaka veranda, nikamlaza kwenye simenti yenye umande, nikakaa mbele yake. Polepole shingo ikaanza kurefuka. Nilimgusa pembe ya jicho kwa unyasi, likafumba kwa uvivu. Nikagusa tena baadaye, likachelewa zaidi. Ilikuwa inafanya kazi. Nami nikawaza bwana yangu analala juu ya nini kule Beni, na kama kuna mtu amekaa mbele yake hivi, anamtazama akipoa, anasema bado kidogo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamnyanyua kobe yule, nikamrudisha kwenye moto, nikamsugua miguu kwa mikono yangu, na mpishi akageuka ukutani akaanza kusali.

Saa tatu tulikuwa kwenye kiwanja cha komanda. Jua lilikuwa limeshatoka vizuri. Askari walisimama duara, labda ishirini. Nilimweka kobe chini na kumwonyesha kipande cha papai kwa mbali. Akasimama kwa miguu minne, akaanza kwenda, gamba likiyumba huku na huku, na wale askari wakapiga makofi kama kwenye mechi. Komanda alitabasamu. Akajongea, akainua buti, akapiga chini.

Kobe akaingia ndani. Makofi yakakatika.

Komanda akapiga tena. Likabaki gamba tu, jiwe.

"Umeiharibu," akasema kwa sauti ya chini. "Koba yangu ilikuwa shujaa. Umeirudisha kuwa bibi."

Mpishi alipiga magoti. Mimi sikupiga. Magoti hayakukunjika, siyo kwamba nilikuwa na moyo. Nikasema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka:

"Komanda, haikuwa shujaa. Ilikuwa inakufa. Nyama yenye kuona hatari na haifiche, haiko na roho tena ndani. Hata wazee wetu banasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Baaskari yako banaigusa na banaenda. Wangapi bamerudi?"

Nilipolisema hilo la mwisho nilijua nimekwisha. Komanda alifungua kinywa.

Chini barabarani lori likapiga mlipuko kwenye bomba la moshi. Pa! Moja tu.

Nilijikuta uso kwenye vumbi. Sikukumbuka kujitupa chini. Nilipoinua kichwa niliona askari wote ishirini wako chini, mpishi yuko chini, na komanda amejibana nyuma ya tanki la maji, mikono juu ya kichwa, koti limemwanguka. Lori likaendelea na safari, likikohoa. Watu wakaanza kuinuka, kila mmoja anatafuta pa kutazama. Komanda alijipangusa magoti, akajipangusa tena, muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

Nikasema, nimekaa bado chini, "Ona, komanda. Weye, miye, na koba. Siye wote tuko bazima."

Mpaka leo sijui kwa nini hakunipiga risasi. Aliokota koti, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na karatasi yenye muhuri. Alinipa bila kunitazama, akamwambia mpishi, "Hii nyama uirudishe kwao, kwenye joto. Sitaki kuiona."

Siku iliyofuata tulipanda gari moja, mimi, mpishi, na kobe kwenye gunia. Beni niliteremka. Mpishi aliendelea na pikipiki kwenda Mutwanga, gunia mgongoni kama mama aliyebeba mtoto. Akanipungia mkono. Sikusikia kama alirudi jeshini, na natumaini hakuwa mpumbavu.

Mlangoni pa gereza walisoma karatasi, wakaisoma tena. Nikangoja. Akatoka. Alikuwa mtu wa mifupa na ndevu, na miguu haina viatu. Nilimshika mikono, ilikuwa baridi, na Beni si mahali pa baridi. Nyuma yake mlinzi aliubamiza mlango wa chuma, gwaa! Mimi niliruka. Askari wa pale waliruka.

Bwana yangu hakupepesa jicho.

Tulipanda kurudi. Kwenye barieri ileile askari aliingiza mtutu dirishani na kukoki. Abiria wote waliinama. Bwana yangu aliutazama mtutu kama anavyotazama mti. Mama mmoja nyuma akasema, "Huyu njo mwanaume kweli!" Wengine wakaitikia. Kanisani Jumapili mchungaji alimsimamisha mbele, akamsifu: ndugu yetu ametoka tanuruni, haogopi tena kitu. Watu wakasema amina. Nami nilikaa kwenye benchi nimekaza meno. Nilitaka kusimama niwapigie kelele, mnashangilia nini? Mtu huyu anakufa mbele yenu!

Nyumbani hakuuliza kitu. Ukimpa chakula anakula, vitunguu na vyote. Hilo ndilo liliniliza, vitunguu. Nilichukua unyasi, siwafichi, nikamgusa pembe ya jicho alipokuwa amekaa. Lilifumba, kwa kuchelewa. Nikasema, basi, mkia bado unakaza.

Nilichukua beseni lilelile. Maji ya kiwiko. Nilimwosha miguu asubuhi na jioni, nikamweka juani nyuma ya nyumba kwenye mkeka, sikumwacha akanyage simenti. Mamamkwe alichochea moto bila kusema neno, yeye aliyezoea kusema. Wiki ilipita, nyingine ikapita. Mwezi ukaisha. Majirani walipokuja kumwona shujaa, niliwafukuza. Wakasema nimekuwa mbaya zaidi, nikawaambia ndiyo, na mlango uko pale.

Siku moja mchana nilikuwa nakoroga bugali, mikono yangu imejaa jasho, nikainua mfuniko ukaniponyoka. Ulianguka kwenye sakafu, ukazunguka, ukalia. Nikageuka. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa chini ya meza. Amejikunja, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa, anatetemeka kama jani. Mamamkwe alisimama mlangoni, akanitazama, akamtazama mwanawe, na kicheko kikamtoka, kicheko cha mama mzee kisicho na breki, machozi yakimtiririka. Mimi niliangukia sakafuni nikacheka naye, nikicheka nalia, nikilia nacheka, mwiko bado mkononi.

Na yeye chini ya meza akatoa kichwa, hasira usoni, akauliza swali lake la kwanza tangu Beni:

"Munanicheka ju ya nini?"